Nyatiti Iliponyamaza Obunga

Ninyi mlioachiwa deki zangu mbili za kanda pale studio na kile kiti ambacho mguu wake umefungwa kwa waya, nawaandikia kwa sababu nimesikia mmefungua sanduku la kanda za matanga. Msikatae. Nimeambiwa na mtu aliyewaona. Mnatafuta sauti za kutisha za sehemu ya tatu ya ile sinema, na mmeona humo ndani kuna vilio vya bure. Basi kabla hamjagusa kanda hata moja, ketini msome. Nimestaafu, ndiyo. Nina miaka thelathini na moja na mtoto mgongoni, na kama neno "kustaafu" linawachekesha, chekeni sasa mmalize. Miaka kumi na miwili ya kukata picha na sauti katika chumba kisicho na dirisha si mchezo. Nyinyi mna miezi minne.

Nilianza kazi nikiwa nimetoka kidato cha nne, na sketi niliyovaa siku ile ilikuwa ya shule. Bwana Oloo, mwenye studio, alikuwa amelelewa Nairobi, na Dholuo yake iliishia kwenye salamu. Aliniuliza kama najua kupiga taipu. Nikasema najua. Sikujua. Lakini yeye pia hakuwa na taipureta, kwa hivyo tulikuwa tumedanganyana sawasawa. Kwa sababu nilitoka Awasi, wazee waliokuja studio walianza kuniita Nyar Awasi, binti wa Awasi, na Bwana Oloo akafuata, akidhani ndilo jina langu la kitambulisho. Alilitumia hata kwenye barua.

Kazi ilikuwa harusi, ubatizo, na zaidi ya yote matanga. Huku kwetu mtu anaweza kuoa bila kamera. Kuzikwa bila kamera, watu watauliza kulikuwa na ugomvi gani.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, fundi wa studio, Mwislamu wa Kaloleni aliyezungumza Dholuo kumshinda Bwana Oloo mara kumi. Wiki yangu ya kwanza alinikalisha nimeipa televisheni mgongo.

"Sikio kwanza," alisema. "Jicho ni mwongo, linapenda rangi."

Wiki nzima nilisikiliza harusi bila kuona bibi harusi. Nilijifunza kutambua upepo kwenye maikrofoni, mlio wa jenereta, kuku, na yule mjomba ambaye kila mahali hukohoa wakati wa maombi. Mzee Sefu alinifundisha kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, sio pamba, kwa sababu pamba huacha nyuzi. Alinifundisha kurudisha kanda iliyolegea kwa penseli. Na alinifundisha lebo. Kila kanda iandikwe mahali, dakika, na kilichomo, kwa mwandiko ambao hata adui yako ataweza kusoma.

"Kanda bila lebo ni maiti bila jina," alisema. "Utaizika vibaya."

Nilishika hilo somo la lebo kuliko yote, na ndilo lililoniponza.

Nilipokuwa nimeolewa mwaka mmoja, baba mkwe wangu akafariki, nyumbani kwao Asembo Bay. Bwana Oloo alinipa kamera niende nayo bila malipo, kama rambirambi. Sikatai, siku hiyo alifanya wema. Mimi kama mke wa boma nilitakiwa kuwa jikoni na masufuria, lakini nilisimama nyuma ya kamera, na mashangazi wa mume wangu hawajanisamehe mpaka leo. Dakika ya arobaini, mama mkwe alitoka ndani ya nyumba, akasimama kwenye uwanja mbele ya jeneza, akapiga nduru. Sijawahi kusikia kama ile. Ilianza chini, kama mtu anayemwita mwenzake aliye mbali ziwani, ikapanda, ikakatika, halafu ikarudi kwa sauti ndogo kama swali. Mimi nilikuwa nalia huku mkono wangu mmoja umeshika kitufe cha sauti nisije nikaharibu rekodi. Ndivyo kazi inavyomfanya mtu.

Niliporudi studio niliandika lebo kama nilivyofundishwa: Asembo. Dakika ya arobaini. Nduru, safi sana, haina upepo.

Nilijisikia fundi. Nikaitia kwenye sanduku.

Miaka miwili baadaye Bwana Oloo aliamua kutengeneza sinema ya kutisha. Magugu yalikuwa yameanza kufunika ziwa, boti zimekwama, na watu walikuwa wanasema mambo. Akaandika hadithi ya mwanamke anayetoka chini ya magugu jioni, anasimama mlangoni pa watu. Alikuwa na sheria moja tu: ukimtajia jina lako, umekwisha. Akaiita Mgeni wa Magugu. Mimi nilikuwa nyumbani na mtoto wangu wa kwanza, sikushika hata fremu moja. Nilikwenda kuiona kama mtazamaji, katika ukumbi wa video wa Obunga, mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, nimebeba mtoto.

Yule mwanamke wa magugu akatokea. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mama mkwe wangu.

Ukumbi mzima ulipiga kelele. Mtu mmoja mbele yangu alipanda juu ya benchi. Mimi nilikaa nimemkumbatia mtoto, nikasikia ile nduru ikipanda, ikikatika, ikirudi kama swali, na watu wakicheka kwa hofu.

Kesho yake nilimwendea Bwana Oloo. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuandika hapa kwa sababu mtoto wangu sasa anajua kusoma. Aliningoja nimalize, kisha akasema, wala hakuwa na ubaya, "Lakini Nyar Awasi, wewe mwenyewe uliandika safi sana."

Hilo lilinikasirisha kuliko kila kitu, kwa sababu lilikuwa kweli.

Ile sinema ilienda. Ilionyeshwa Obunga, ikapelekwa masoko ya pembeni ya ziwa kwa jenereta. Na watu wakaanza kuiga. Wasichana kwenye bomba la maji walipiga ile nduru wakishtuana. Makonda waliipiga. Mlevi mmoja karibu na nyumba yetu aliitumia kumwita mkewe. Niliinyamazia. Nilijiambia itapita. Halafu siku moja mwanangu, ana miaka mitatu, alitoka kucheza nje, akajificha nyuma ya mlango, akaruka mbele yangu na kunitisha. Alianza chini, akapanda, akakatika, akarudi kama swali. Aliipata sawasawa kabisa. Alikuwa akimlilia babu yake kwa sauti ya nyanyake, naye alifikiri ni mchezo wa jini.

Sikumpiga. Niliketi sakafuni.

Mwezi huohuo Bwana Oloo akatangaza sehemu ya pili. Na mimi nilikuwa na mimba nyingine, na mama mkwe alikuwa ametuma ujumbe kwamba mtoto akizaliwa atakuja mjini kunisaidia. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Nyanya anafika, mjukuu anaruka kutoka nyuma ya mlango.

Niliingia ofisini tumbo mbele. "Ile sauti hairudi," nikasema.

"Watu wanaijua," Bwana Oloo akasema. "Hiyo sauti ndiyo sinema."

"Basi itisheni mtu apige muziki. Sinema za watu zina muziki."

"Muziki gani utatisha kushinda hiyo?"

"Nitakutafutia."

Akatabasamu. Alipenda shindano kama mtoto. Tukakubaliana hivi: angenipa kipande cha dakika tano, pale mwanamke anaposimama mlangoni. Ningetafuta wanamuziki, kila mmoja akipigie muziki wake, tukipeleke Obunga kionyeshwe kwa watu wenyewe. Akipatikana anayewatisha kuliko nduru, nduru inatoka. Asipopatikana, inabaki, na mimi ndiye nitakayeiunganisha kwa mkono wangu. Mzee Sefu alikuwa pembeni akisafisha kichwa cha deki. Alisafisha muda mrefu sana.

Wa kwanza alikuwa Ferdinand, mpiga kinanda wa kanisa. Kijana mwema, kinanda chake cha umeme amekifunika kwa kitambaa cha kufuma. Alipiga taratibu, kwa sauti nzito, nami chumbani nikaona kinafaa. Kule Obunga mwanamke wa magugu alipotokea, akina mama wa benchi la nyuma wakaanza kupiga makofi polepole, na kufikia dakika ya tatu mmoja alikuwa ameinua mikono. Ferdinand alikuwa ameteremka kwenye pambio bila kujua. Vidole vyake havikujua njia nyingine. "Nilikuwa najaribu kumfukuza huyo pepo," aliniambia baadaye, akiwa na haya. Nikamwambia amefaulu.

Wa pili alikuwa mpiga gita wa bendi moja ya benga. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Huyo alipiga vizuri mno. Msichana mmoja kwenye sinema alipomkimbia mwanamke wa magugu, gita likakimbia naye, na mabega ya ukumbi mzima yakaanza kucheza. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Huyo jini ako na raha!" Bwana Oloo alicheka mpaka akafuta machozi. Nilirudi nyumbani nikafua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Ni Mzee Sefu aliyenikumbusha Mzee Okumba. Alikuwa mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, na alipiga matangani upande wa Asembo. Alikuja studio na kigoda chake kifupi na ile pete ya chuma ya kuvaa kidole cha mguu, anayogongea chombo kupata mdundo. Alikataa kiti chetu. Aliutazama ule mguu wa waya, akasema, "Hicho kiti kinahitaji daktari."

Nikamwonyesha picha. Akatazama mara moja tu, kisha akaipa televisheni mgongo. Mzee Sefu alinikonyeza. Mzee Okumba akaanza. Vidole viliingia chini, kidole cha mguu kikagonga, na chumba kikawa kidogo. Kisha, mwanamke alipofika mlangoni, Mzee Okumba akaacha. Ghafla. Mikono imetulia juu ya nyuzi, kichwa kimeinama.

Tukangoja. Kanda inazunguka.

"Mzee amesahau ngoma yake," Bwana Oloo akasema.

"Sijasahau," Mzee akajibu. "Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Mtu."

Kwa ninyi mliolelewa mbali: nyatiti haipigwi moja kwa moja kama redio. Msikilizaji akiguswa anainuka, anamsimamisha mpigaji, anajisifu hadharani. Anataja jina lake, kwao, mama aliyemzaa, ng'ombe wake. Ndiyo tunaita pakruok. Akimaliza, muziki unaendelea. Mpigaji wa miaka hamsini kama Mzee Okumba amezoea kusimama mahali fulani na kuwaachia watu nafasi. Mikono yake ilisimama yenyewe, kama vile vidole vya Ferdinand vilivyoteremka kwenye pambio.

"Hilo shimo mlikate," Bwana Oloo akasema. "Sekunde ishirini za kimya! Watu watafikiri deki imekufa."

Nilikuwa nimefungua mdomo kukubali. Kwa kweli nilikuwa nimeshika penseli kuandika mahali pa kukata. Kisha nikamtazama yule mwanamke wa magugu kwenye skrini, amesimama mlangoni, na sheria yake moja. Nikaiweka penseli chini.

"Halikatwi," nikasema.

Jumamosi mchana ukumbi wa Obunga ulijaa. Nilikaa nyuma, tumbo limenizuia kukaa kwingine. Nyatiti ilianza, na watu wakafurahi, wakajiweka sawa kwenye mabenchi kama watu waliofika nyumbani. Mmoja aligonga mguu. Mwingine akasema, "Ee, mzee anajua." Picha ikaenda mlangoni. Mwanamke akasimama. Nyatiti ikanyamaza.

Mbele yangu kulikuwa na mvuvi mmoja mkubwa, shingo kama gogo. Kwa mazoea tu, kama anavyofanya matangani, aliinuka nusu na kufungua mdomo.

"An..." akaanza. Mimi.

Halafu akakumbuka aliye mlangoni. Akafunga mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, akaketi.

Hakuna aliyepumua. Ukumbi mzima ulikuwa umeitwa kujitaja, na hakuna aliyethubutu. Nilisikia magunia ya madirisha yakipigwa na upepo. Nilisikia benchi likilia. Sekunde ishirini ni ndefu kuliko ibada. Kisha uzi mmoja ukagongwa, chini kabisa, na Obunga yote ikapiga kelele kwa pamoja, na yule mvuvi alikuwa ameshika mkono wa mama asiyemjua.

Bwana Oloo alivua miwani akaipangusa. Akaivaa, akaivua tena. "Nyar Awasi," akasema, "toa ile sauti yako."

"Si yangu," nikamwambia.

Niliitoa mwenyewe. Naomba muelewe jambo hili kama mafundi: sikuishusha sauti, sikuifunika kwa nyingine. Niliiondoa hata kwenye nakala kuu ya sehemu ya kwanza, nikaweka nyatiti mahali pake, nikakaa siku tatu na miguu imevimba ndani ya ndoo ya maji nikifanya hivyo. Mzee Sefu aliniletea chai kila saa na hakusema neno la sifa hata moja. Alinivutia tu kile kiti kizuri, chake.

Mtoto akazaliwa. Sehemu ya pili ikatoka. Na kwenye bomba la maji wasichana wakaacha nduru. Sasa mchezo ulikuwa mwingine: wanacheza, mmoja anasema "nyatiti!", wote wananyamaza, na wa kwanza kusema kitu ndiye anayechukuliwa. Mwanangu aliupenda. Alikuwa akinyamaza mpaka mashavu yanavimba. Ndugu zangu, sijui kama nimewahi kumshukuru Mungu kwa kitu kama nilivyomshukuru kwa kimya cha yule mtoto.

Mama mkwe alifika na gunia la samaki wa kukaushwa. Siku ya nne akasema, "Nyar Awasi, nasikia mna sinema ingine. Nipeleke."

"Mama, ni ya kutisha."

"Mimi nimezika mume. Nipeleke."

Tulikwenda mchana. Alikaa mbele, mkoba mapajani, kama yuko kanisani. Nyatiti ikaanza, nikamwona akitikisa kichwa kidogo. Nyatiti ikanyamaza. Kimya kikashuka kama siku ile. Na katikati ya kile kimya mama mkwe wangu akasimama, akashika kiuno, akasema kwa Dholuo kwa sauti iliyofika barabarani:

"Mimi ni binti wa Uyoma! Mke wa Okech, aliyeezeka nyumba kwa mabati watu wakadhani ndege imeanguka! Nimezaa saba, nimekausha samaki wa ziwa zima! Kama huyo wa mlangoni ananitaka, aje, jina langu silifichi!"

Watu walipiga kelele, wakaanguka wakicheka, mvuvi mmoja akainuka akajisifu naye, na mwingine, na mwenye ukumbi akalazimika kusimamisha kanda mpaka wamalize. Mzee Okumba angefurahi.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Nilikuwa bado nacheka. Mama akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akapangusa uso.

"Ile ya kwanza niliiona," akasema. "Ililetwa sokoni kwetu na jenereta."

Kicheko kiliniisha mdomoni.

"Nani asiyeijua sauti yake?" akasema. "Niliijua kabla haijapanda."

"Mama, na hukuniambia? Miaka yote hii? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Wewe," akasema. Akanipokonya mtoto, akatangulia.

Nilimfuata. Nilikuwa nimebeba lile jambo kwa muda mrefu hivi kwamba lilipotua nilihisi mabega yangu yakipanda yenyewe. Kesho yake nilimletea ile kanda ya matanga. Hakuuliza ilikuwa studio kwa nini. Aliisoma lebo, polepole, mpaka mwisho. "Haina upepo," akasema. "Kweli. Siku hiyo upepo ulitulia." Akaifunga ndani ya leso.

Iko Asembo, chini ya koti la mumewe. Hana deki, na hajawahi kuomba moja.

Kwa hivyo ndani ya lile sanduku, kati ya matanga ya Ahero na matanga ya Rabuor, mtakuta nafasi ya kanda moja. Mimi ndiye niliyeitoa. Zilizobaki zote zina mwandiko wangu, nadhifu, dakika na sekunde, na kila moja ina mwenyewe ambaye huenda amekwisha sikia sauti yake sokoni na anangoja kuona nani ataanza kusema. Lifunikeni sanduku. Mzee Okumba yu hai, mikono yake bado mizuri. Anapenda chai yenye maziwa mengi, na atakuja na kigoda chake mwenyewe, maana kile kiti nimesikia bado hamjakitengeneza.